Rekodi za jinai Minnesota: pa kutafuta na namna ya kusoma unachokikuta

Jimbo la Minnesota halina daftari moja ambalo ukilifungua unaona kila kosa ambalo mtu amewahi kufanya. Naanza na hili kwa sababu ndilo linalowapotezea watu muda na pesa. Polisi wana karatasi zao, mahakama ina zake, idara ya magereza ina zake, na ofisi ya jimbo inayokusanya alama za vidole ina zake. Kila moja ina sheria yake ya nani aone nini na kwa muda gani. Mtu akikuambia "nimemchunguza fulani, yuko safi", muulize amechungulia wapi.

Mimi ni mkalimani wa Kiswahili. Naishi Brooklyn Park na kazi inanipeleka mahakamani, zaidi kaunti za Hennepin na Ramsey. Mkalimani haruhusiwi kumshauri mtu juu ya kesi yake. Natakiwa kugeuza maneno na kunyamaza. Ila kumwonyesha mtu kabati lilipo si ushauri wa sheria, na ninayoulizwa kwenye korido ni yale yale. Mama anataka kujua kijana anayemchumbia binti yake ana historia gani. Kaka amenyimwa nyumba ya kupanga na hajaambiwa sababu. Dada anajaza fomu ya uraia na amefika kwenye swali la kama amewahi kukamatwa. Mwingine anaanza kazi ya kuwahudumia wazee na anaogopa tiketi ya barabarani ya mwaka 2012.

Kwa wote hao nasema: kabla ya kumtafuta mtu mwingine, jitafute mwenyewe. Utajifunza mfumo bila kumsingizia mtu, na utajua mwenye nyumba na mwajiri wanaona nini wakiandika jina lako.

Chukua kalamu kwanza

Andika jina kamili kama lilivyo kwenye leseni ya udereva, kisha uliandike kwa kila namna ambayo karani aliyechoka angeweza kuliandika. Mohamed, Mohammed, Muhamed. Jina la baba mahali pa jina la ukoo. Jina la kati limekuwa la mwisho kwa sababu fomu ya kambini ilijazwa na mtu asiyejua majina yetu yanavyopangwa. Weka tarehe ya kuzaliwa kwa mtindo wa hapa, mwezi mbele ya siku: 03/07 ni tarehe saba Machi. Ongeza kaunti zote alizoishi huyo mtu. Minnesota ina kaunti 87, na hata kama mahakama zimeunganishwa, taarifa za polisi na za jela bado zinakaa kwenye kila mji na kila kaunti.

Ofisi ya jimbo: BCA

BCA ndiyo idara ya upelelezi wa jinai ya Minnesota, makao yake Saint Paul. Ndiyo inayotunza historia ya jinai ya jimbo zima, na sehemu iliyo wazi kwa umma unaitafuta bure kwenye tovuti yake. Unaweka jina na tarehe ya kuzaliwa. Huna haja ya kusema wewe ni nani wala unamtafutia nini.

Kinachotoka hapo ni hatia tu: mtu mzima aliyekutwa na hatia katika mahakama ya Minnesota, kosa gani, hukumu gani. Na hatia hiyo inabaki wazi kwa umma kwa miaka 15 tangu adhabu ilipokamilika. Sikiliza vizuri hapo: si miaka 15 tangu kosa, wala tangu hukumu, ni tangu adhabu ilipokwisha, pamoja na kipindi cha uangalizi (probation), yaani muda mtu anaokaa nje chini ya masharti ya mahakama. Mtu aliyehukumiwa 2004 akapewa uangalizi wa miaka kumi anaweza kuonekana hadi karibu 2029, huku yeye mwenyewe ameshasahau.

Lakini usilale usingizi kwa sababu BCA imetoa ukurasa mtupu. Rekodi yao imejengwa juu ya alama za vidole. Kosa ambalo mtu hakuchukuliwa alama, kama makosa mengi madogo, huenda lisiwepo kabisa. Na kama alama zilichukuliwa kituoni lakini hazikuunganishwa na matokeo ya mahakama, kesi hiyo hukaa pembeni ikisubiri kuoanishwa. Kwa hiyo BCA ni mahali pa kuanzia, na ukiishia hapo umefanya nusu ya kazi.

Rekodi yako mwenyewe ni habari nyingine. Unaweza kuomba yote, hata yale ambayo umma hauoni, ukiwa na kitambulisho. Sheria ya jimbo ya taarifa za serikali, sura ya 13, inamtaka mtunza taarifa amwonyeshe mhusika taarifa zake papo hapo ikiwezekana, au ndani ya siku kumi za kazi.

Mahakama ndiko kwenye nyama

Mahakama za Minnesota zina tovuti ya kutafutia kesi inayoitwa MCRO. Ni ya bure. Unatafuta kwa jina au kwa namba ya kesi, na katika kesi nyingi unaweza kufungua hati zenyewe: hati ya mashtaka, amri za jaji, hukumu.

Sasa shika jambo ambalo wengi hawalijui. MCRO haikuruhusu kutafuta kwa jina la mshtakiwa kesi ya jinai ambayo haina hatia. Kesi inayoendelea, kesi iliyotupwa, kesi ambayo mshtakiwa alishinda: ukiandika jina, hazitokei. Zipo kwenye mfumo na ukiwa na namba ya kesi unazifungua, ila mlango wa jina umefungwa makusudi, ili mtu asihukumiwe na majirani kabla jaji hajasema neno. Naona ni busara. Lakini maana yake ni kwamba yule mama anayemchunguza mchumba anaweza kupata ukurasa mweupe wakati kijana ana tarehe ya kusikilizwa wiki ijayo.

Dawa yake ni kwenda mwenyewe. Katika majengo ya mahakama za kaunti kuna kompyuta za umma, bure, na hapo unaweza kutafuta kwa jina hata zile kesi zisizo na hatia. Hizo kompyuta zinaona kesi za jimbo zima, kwa hiyo mtu wa Minneapolis halazimiki kuendesha gari hadi Rochester ili kuona kesi ya kaunti ya Olmsted. Utapita kwenye mashine ya usalama mlangoni, kwa hiyo acha kisu cha funguo kwenye gari. Nenda asubuhi katikati ya wiki. Jumatatu korido zinajaa watu waliokamatwa mwishoni mwa wiki pamoja na jamaa zao, na karani hana muda wa kukueleza kibonyezo kiko wapi.

Namba ya kesi ya Minnesota inasomeka ukishaijua. Chukua ile iliyojulikana dunia nzima, kesi ya Derek Chauvin, polisi aliyemuua George Floyd: 27-CR-20-12646. Namba 27 ni kaunti. Kaunti zimepangwa kwa alfabeti, Aitkin ni 01, Hennepin ni 27, Ramsey ni 62. CR ni jinai. 20 ni mwaka kesi ilipofunguliwa, 2020. Iliyobaki ni namba ya foleni ya mwaka huo. Ukiona VB mahali pa CR, aghalabu ni mambo ya barabarani na faini ndogo. CV ni madai, FA ni familia. Kama unataka kujizoeza bila kumchungulia mtu unayemfahamu, fungua hiyo ya Chauvin: utaona mashtaka, uamuzi wa wazee wa baraza (jury, raia wanaoamua kama mtu ana hatia) wa tarehe 20 Aprili 2021, na hukumu ya Juni mwaka huo ya miezi 270, yaani miaka 22 na nusu.

Ukishafungua kesi, macho yako yaende mahali pawili. Kwanza, uzito wa kosa. Kuna makosa madogo kabisa ya faini isiyozidi dola 300, ambayo kisheria hayahesabiki kuwa uhalifu. Kuna makosa madogo ya hadi siku 90 na dola 1,000. Kuna ya kati, hadi siku 364 na dola 3,000. Na kuna makosa makubwa, yale ambayo adhabu yake inaweza kuzidi mwaka. Yaangalie hayo ya kati: hadi 2023 kikomo kilikuwa mwaka mzima, kisha bunge la jimbo likapunguza siku moja. Siku moja hiyo ni kubwa kwetu sisi wahamiaji, kwa sababu katika sheria ya uhamiaji yapo makosa ambayo uzito wake unapimwa kwa adhabu ya mwaka mmoja.

Pili, matokeo. Watu wanasoma orodha ya mashtaka wakadhani ndiyo orodha ya makosa. Mwendesha mashtaka anaweza kufungua mashtaka matano, manne yakatupwa na moja likabaki, tena limeshushwa uzito. Kila shtaka lina mstari wake wa matokeo. "Dismissed" ni limetupwa. "Convicted" ni hatia. "Stay of Adjudication" maana yake mtu alikiri, lakini jaji hakutangaza hatia. Akimaliza masharti, kesi inatupwa, na kwa sheria ya Minnesota hana hatia. "Stay of Imposition" ni tofauti: hatia ipo, lakini adhabu haikutamkwa, na mtu akimaliza uangalizi wake vizuri, kosa lililokuwa kubwa huhesabiwa kuwa dogo. Nimewaona wenye nyumba wakichanganya hayo mawili, na ni mpangaji anayelipia.

Polisi, jela na magereza

Ripoti ya polisi haiko kwenye MCRO. Unaiomba kwa idara ya polisi ya mji husika au kwa sherifu wa kaunti, kwa ombi la taarifa chini ya ile sura ya 13. Sheria inasema hulazimiki kujitambulisha wala kutoa sababu. Lakini bila shaka usipoacha anwani, hawana pa kukutumia majibu. Kutazama ni bure. Ukitaka nakala za kawaida zisizozidi kurasa 100, hawaruhusiwi kukutoza zaidi ya senti 25 kwa ukurasa. Taarifa ya kukamatwa kwa mtu mzima iko wazi: nani, lini, wapi, kwa shtaka gani. Upelelezi unaoendelea umefungwa, na majina ya baadhi ya waathirika yanafichwa, kama wa makosa ya kujamiiana. Rekodi za watoto kwa kawaida zimefungwa, isipokuwa baadhi ya kesi za makosa makubwa ya vijana wa miaka 16 na zaidi.

Andika ombi fupi. "Naomba ripoti ya tukio la tarehe fulani, saa fulani, mtaa fulani" linajibiwa haraka kuliko "naomba kila kitu kuhusu fulani".

Jela ya kaunti na gereza la jimbo ni vitu viwili. Aliyekamatwa jana yuko kwenye orodha ya jela ya kaunti, kwenye tovuti ya sherifu. Aliyehukumiwa kifungo kirefu anatafutwa kwenye tovuti ya idara ya magereza ya jimbo, ambayo inaonyesha pia walio nje chini ya uangalizi wake. Idara hiyo hiyo ndiyo inayotangaza hadharani wakosaji wa kujamiiana wa daraja la tatu, lile la hatari zaidi. Wa daraja la kwanza na la pili hutawakuta hapo. Kwa kutafuta nchi nzima kuna tovuti ya shirikisho yenye jina la Dru Sjodin, mwanafunzi aliyetoka Minnesota na kuuawa mwaka 2003.

Mambo ya shirikisho hayako kwenye jimbo

Hapa wengi hukosea njia. Kesi iliyofunguliwa na serikali ya shirikisho haitokei BCA wala MCRO, hata kama kila kitu kilitokea Minneapolis. Kesi za Feeding Our Future, zile za pesa za chakula cha watoto zilizoanza kufunguliwa Septemba 2022, ni za shirikisho. Ukiandika majina ya washtakiwa kwenye tovuti ya jimbo ukakuta kimya, kimya hicho hakina maana yoyote.

Za shirikisho zinatafutwa kwenye mfumo unaoitwa PACER. Unafungua akaunti. Wanatoza senti kumi kwa ukurasa, hati moja haizidi dola tatu, na matumizi yako yasipozidi dola 30 kwa miezi mitatu hawakutozi kitu. Kwa mtu anayetafuta kesi moja au mbili, ni bure kabisa. Wafungwa wa shirikisho, tangu 1982, unawatafuta kwenye tovuti ya idara ya magereza ya shirikisho. Rekodi ya FBI haitolewi kwa umma. Ni ya mwenyewe tu, kwa alama za vidole, dola 18.

Januari mosi

Sasa nizungumzie tatizo ambalo ni letu hasa. Utafutaji wa umma unaendeshwa kwa jina na tarehe ya kuzaliwa, si kwa alama za vidole. Mfumo unadhani watu wawili wenye jina moja na siku moja ya kuzaliwa ni nadra. Kwa familia ya kizungu ya huko mashambani, sawa. Kwetu? Waliokuja kama wakimbizi kutoka Kongo, Somalia au Burundi bila cheti cha kuzaliwa, wengi waliandikiwa tarehe 1 Januari. Ongeza hapo jina kama Abdi Mohamed au Jean Claude, na umepata watu kadhaa katika miji miwili hii, Minneapolis na Saint Paul, ambao kompyuta haiwezi kuwatenganisha.

Kwa hiyo ukimtafuta mtu ukakuta kosa, usikimbilie simu. Fungua hati ya mashtaka yenyewe. Mara nyingi inaeleza tukio lilitokea wapi, na linganisha hilo na unachojua: mwaka huo mtu wako alikuwa ameshaingia Marekani? Aliishi kaunti hiyo? Kama kesi ni ya 2009 huko Stearns na shemeji yako alitua uwanja wa ndege 2014, umepata mtu mwingine.

Na ukijitafuta ukakuta makosa ya mtu mwingine, BCA ina utaratibu wa mtu anayechanganywa na mwingine au ambaye jina lake limetumiwa na mhalifu. Wanachukua alama za vidole vyako na kuzilinganisha na zilizo kwenye rekodi. Alama hazina Januari mosi. Fanya hivyo kabla hujaanza kutafuta nyumba au kazi, kwa sababu ukishakataliwa, kuirudisha nafasi ni kazi nyingine.

Nakala yenye muhuri, na mambo ya uhamiaji

Kuona kwenye skrini ni kitu kimoja, kuwa na karatasi ni kingine. Karani wa mahakama anatoa nakala ya kawaida kwa dola 8 na iliyothibitishwa kwa muhuri kwa dola 14, kila hati. Kwa mwenye nyumba, nakala ya kawaida inatosha. Kwa uhamiaji, chukua yenye muhuri.

Fomu ya uraia inauliza juu ya kukamatwa, kushtakiwa na kutiwa hatiani, hata kama kesi ilitupwa, hata kama rekodi ilifutwa. Wanaokuhoji wana alama zako za vidole na wanajua jibu kabla hujafungua mdomo. Kinachowaponza watu wetu mara nyingi si lile kosa la zamani, ni kujibu "hapana" kwa sababu jaji alisema kesi imekwisha.

Na yule wa "Stay of Adjudication" awe macho zaidi. Jimbo linasema hana hatia. Sheria ya shirikisho ya uhamiaji, tangu mabadiliko ya 1996, inasema kama mtu alikiri kosa na jaji akamwekea adhabu au masharti ya aina yoyote, hiyo ni hatia. Mtu mmoja, kesi moja, majibu mawili. Huyo asijaze fomu yoyote ya uhamiaji kabla ya kuonana na wakili wa uhamiaji. Immigrant Law Center of Minnesota wanasaidia wenye kipato kidogo, na tovuti ya LawHelpMN inaorodhesha wengine.

Jambo linalofuatana na hilo: Minnesota sasa inafuta rekodi nyingi yenyewe. Sheria iliyopitishwa 2023 na kuanza kazi tarehe 1 Januari 2025 inafunga moja kwa moja kesi zilizotupwa na makosa mengi madogo, na hata baadhi ya makubwa, baada ya muda wa kukaa bila kosa jipya. Kuendesha gari umelewa na kumpiga mtu wa nyumbani havimo. Makosa madogo ya bangi yalianza kufutwa yenyewe baada ya bangi kuhalalishwa tarehe 1 Agosti 2023. Kufutwa hapa maana yake ni kufungiwa: umma hauoni tena, polisi bado wanaona.

Ni habari njema kwa nyumba na kazi. Lakini kwa anayesubiri uraia inaleta kichekesho cha aina yake: uhamiaji wanataka hati ya kesi, na karani anakwambia kesi hiyo haionekani kwenye mfumo wa umma. Kama una kesi ya zamani ambayo bado iko wazi, nenda uchukue nakala zilizothibitishwa za mashtaka na za matokeo sasa hivi, uziweke pamoja na pasipoti. Usisubiri ifungwe.

Unachoruhusiwa kufanya na ulichokipata

Kusoma rekodi ya umma kwa udadisi wako hakuna kosa. Ukishakuwa mwajiri au mwenye nyumba, kuna sheria. Waajiri wa Minnesota, serikali tangu 2009 na kampuni binafsi tangu 2014, hawaruhusiwi kuuliza mambo ya jinai kwenye fomu ya kwanza ya maombi ya kazi. Mwajiri akitumia kampuni ya uchunguzi, sheria ya shirikisho ya 1970 inamtaka apate ruhusa yako ya maandishi, na kabla ya kukunyima kazi kwa sababu ya ripoti hiyo, akupe nakala yake. Ukipinga kosa lililomo, kampuni ina siku 30 kwa kawaida kulichunguza. Kampuni hizo pia haziruhusiwi, kwa kazi nyingi, kuripoti kukamatwa kusiko na hatia kulikopita miaka saba.

Kwa dada zangu na kaka zangu wa kazi za kuhudumia wazee na wagonjwa: uchunguzi wenu ni wa aina nyingine. Unafanywa na serikali kwa alama za vidole na picha, na unaona zaidi ya anachoona jirani yako kwenye tovuti. Kosa linaweza kumzuia mtu kwa miaka 7, 10, 15 au daima, kulingana na lilivyo. Barua ya kuzuiwa ikija, ina tarehe ya mwisho ya kuomba ifikiriwe upya. Isome siku hiyo hiyo ilipofika; usiiweke juu ya friji.

Zile tovuti za kulipia zinazoahidi kukupa "kila kitu" juu ya mtu kwa dola chache za mwezi, siwashauri. Zinachukua taarifa hizi hizi za bure, zinazihifadhi, halafu hazizisasishi: kesi iliyotupwa inabaki kama mashtaka, iliyofutwa inabaki wazi, na ndugu wawili wa jina moja wanakuwa mtu mmoja mwenye makosa mengi. Ukikuta jina lako huko na kesi iliyokwisha kufutwa, waandikie kwa barua ya rejesta, weka ndani nakala ya amri ya mahakama, na baki na risiti ya posta. Kosa likiwa kwenye rekodi ya mahakama yenyewe, kama tarehe ya kuzaliwa iliyopinda au matokeo yasiyosomeka sawa, pa kwenda ni kwa karani wa kaunti kesi iliposikilizwa, si BCA. Likiwa la BCA tu huku mahakama iko sawa, peleka nakala ya mahakama yenye muhuri BCA, nao watalinganisha.